Ubao Ulisema Niko Kazini

Alhamisi, tarehe 10 Mei 1979. Asubuhi mvua ilinyesha kwa hasira, ikaacha njia ya stesheni imejaa matope. Saa sita jua likatoka kali, kama vile halijasikia habari yoyote ya mvua. Naomba msomaji aikumbuke mvua hiyo na jua hilo. Bila hayo mawili ningekuwa bado ninaheshimiwa hapa Kindu.

Aliyefuata tangu mwanzo masimulizi yangu haya ya kila juma, ninayosema mimi na mwingine ananiandikia, ananijua: mimi ni Kanku, mke wa Tshimanga wa karakana ya reli, mwenye mashini ya kukoboa mpunga karibu na stesheni. Nilinunua mashini ili niwe bibi wa kazi yangu mwenyewe. Mashini ikawa bibi, mimi nikawa mtumishi. Watu walibisha hodi nikila, nikilala, nikisali. Mama mmoja alinifuata mpaka kwenye mstari wa kitubio, beseni la mpunga kichwani.

Ndipo Mwalimu Kitenge, anayetufundisha jioni pale parokia sisi watu wazima tuliochelewa kusoma, alipochora juma zima mbele yetu, akaligawa kama mtu anavyogawa shamba.

"Mfanyabiashara asiyepanga juma lake," alisema, "wateja watampangia."

Maneno hayo yaliniingia kuliko mahubiri. Nikamwita mchoraji, akaniandikia ubao mkubwa mweupe, nikautundika mlangoni. Asubuhi, kukoboa. Jumamosi, salongo, kwa maana kazi ya taifa haina mlango wa nyuma. Jumapili, misa. Na Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi: MAPUMZIKO.

Sasa niseme lile ambalo juma lililopita nililiruka. Mapumziko hayo hayakuwa mapumziko. Ilikuwa shule. Lakini mama wa umri wangu, mwenye mashini yake, angeandikaje mlangoni kwamba anakwenda kujifunza a, e, i, o, u? Nikaona neno mapumziko lina heshima zaidi.

Hata mume wangu sikumwambia. Alidhani ninakwenda kusali. Na kweli nilikuwa ninasali kwanza, halafu ninavuka uwanja na kuingia darasani. Kwa hiyo nilihesabu kwamba sijadanganya.

Tshimanga amenisomea kila kitu tangu anioe: barua za nyumbani Kasai, karatasi za dawa, majina ya vituo vya reli. Nilitaka siku moja aketi tu, anisikilize. Padri alikuwa amekubali nisome somo la kwanza siku ya Pentekoste, mradi Mwalimu akubali. Mwalimu naye aliweka sharti.

"Mama Kanku, ukikosa darasa mara mbili, somo ninampa Emerance."

Emerance, mwanafunzi mwenzangu, anasoma kama redio. Mimi ninasoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Na somo la Pentekoste limejaa majina ya mataifa ya mbali. Kuna moja, Pamfilia, ambalo kila nikilifika ninatumbukia.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimewaficha. Sasa sikieni.

Jumanne, saa kumi kamili, nilifunga mashini. Nilikuwa ninanawa uso niende zangu, nikasikia hodi. Nikatoka. Uani walikuwa wameketi wazee wa ukoo, na mbele yao shemeji yangu Badibanga, amevaa abakosti, suti yake ya sikukuu.

"Karibuni," nikasema. "Kuna msiba?"

"Msiba gani? Ni heri!" akasema Badibanga. "Tulipita mbele ya mashini, tukasoma ubao. Jumanne saa kumi, Mama Kanku iko na mapumziko. Nikawaambia wazee: Mungu amesikia. Twende sasa tumalize ndoa ya mutoto."

Mtoto huyo ni binti wa kaka yangu. Kwetu, mahari ya msichana haizungumzwi kama shangazi hajaketi. Shangazi ndiye mimi.

"Lakini shemeji, miezi yote hii hamkuja."

"Tungekujaje? Ulikuwa unafanya kazi kila siku! Tulikuhurumia."

Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa upole. "Mwanangu, tuliogopa kukusumbua."

Msomaji, nilipokuwa sina wakati hata wa kukata kucha, ukoo mzima uliniachia amani. Nilipojitengea jioni mbili, wakaja na viti.

Nikapika wali na samaki. Nikaketi. Wakazungumza mbuzi wa mahari mpaka giza likaingia, halafu wakakubaliana kwamba jambo ni zito, warudi Alhamisi.

"Alhamisi vilevile una mapumziko," Badibanga akanikumbusha. "Nimeona."

Asubuhi yake Mwalimu Kitenge alipita mbele ya mashini. 

"Imebaki moja, mama."

Nikaingia nyuma ya magunia, nikapiga magoti. Nikasema: Bwana, nionyeshe namna. Na nilipoinuka nikaona katoni ya sabuni, na kipande cha makaa. Watu wa sala tuna hatari hiyo: kitu cha kwanza tunachokiona baada ya amina, tunadhani kimetumwa.

Nikakata katoni. Nikashika makaa. Kwa mkono wangu mwenyewe, bila mchoraji, nikaandika KAZI NYINGI, nikaigongea misumari juu ya mapumziko ya Alhamisi. Herufi zilisimama vizuri. Zeti peke yake ililala kidogo. Nilirudi nyuma hatua kadhaa kuiangalia kwa furaha.

Lilikuwa neno langu la kwanza kuandika mbele ya watu. Lilikuwa uongo.

Badibanga alipita siku hiyohiyo, akalisoma, akawaambia wazee wasije kesho, kwa huruma ileile ya zamani. Tshimanga akalisoma akitoka kazini.

"Kumbe kesho huendi kusali?"

"Kazi, Baba. Unaona mwenyewe."

"Pole, mama ya watoto. Ungepumzika kidogo."

Nikageuza uso.

Leo Alhamisi, basi, nilikuwa na mpango kamili. Kufuli nje ya mlango lingesema sipo. Kwa hiyo saa kumi kasoro nilifunga mlango mkubwa kwa ndani, kwa chuma, kama ninavyofanya nikiwa peke yangu na mashini. Nikavua kandambili za kazi, nikatundika kitambaa changu cha kichwa chenye vumbi la mchele, nikavaa viatu vya kanisa. Halafu nikatokea kwa kile kitundu cha nyuma ninachomwagia pumba, nikasukuma pumba mpaka kikafichika, nikaenda zangu kando ya reli kama mwizi anayekwenda misa.

Sasa ikumbukeni ile mvua. Mpunga mbichi haukobolewi. Ukiutia kwenye mashini unatoka uji. Asubuhi kwenye mvua hakuna aliyekuja. Saa sita jua likatoka, mpunga wa mtaa mzima ukaanikwa kwa pamoja, na saa kumi mpunga wa mtaa mzima ukawa umekauka kwa pamoja. Wanawake wakaangalia ubao, anayejua kusoma akawasomea wenzake. Kazi nyingi! Wakabeba mabeseni.

Hayo yaliyotokea mlangoni sikuyaona. Nilisimuliwa baadaye na kila mtu, kwa wakati mmoja.

Wa kwanza alikuwa Halima, mteja wangu mwenye sauti kubwa kuliko mashini. Akabisha. Kimya. Akasukuma mlango, akaona umefungwa kwa ndani.

"Mama Kanku! Mpunga imekauka!"

Kimya. Sharifa, jirani yake, akasema: "Pengine ametoka."

"Atoke namna gani, na ubao inasema kazi? Mama Kanku hasemi uongo. Huyo ni mutu ya kanisa."

"Hiyo kweli," akasema Sharifa.

Hapo ndipo sifa yangu ilipoanza kuniua. Mwanamke mwingine yeyote wa Kindu, wangesema amekwenda sokoni. Mimi, kwa kuwa ninasali, ilibidi niwe ndani.

Sharifa akachungulia kwenye ufa. Akaona kandambili zangu karibu na mashini. Akaona kitambaa changu. Hakuona miguu.

"Halima," akasema, "mashini hailii. Na viatu njo hivi, vimebaki."

"Moshi ya mazutu," Halima akanong'ona, yaani dizeli ya mashini. Halafu hakunong'ona tena. "Moshi imemuua! Yooo! Mama Kanku yooo!"

Mkimbiaji mmoja alikwenda karakana ya reli kumwita mume wangu. Mkimbiaji wa pili alikwenda parokia kumtafuta padri. Huyu wa pili alikuwa Kavugho, mwanamke wa Butembo mwenye duka la vitambaa mbele ya mashini yangu, mnene, mwenye moyo mzuri, asiyekimbia hata mvua ikimkuta.

Mimi wakati huo nilikuwa kwenye benchi ya mbele, kidole juu ya karatasi. Nilikuwa nimeshavuka mataifa mengi. Mwalimu Kitenge alisimama karibu yangu.

"Polepole, mama. Pa…"

"Pa…"

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Mwalimu! Padri iko wapi?" Kavugho alikuwa anahema, mkono kifuani.

"Amekwenda Lokandu. Kuna nini?"

"Mama Kanku amekufa."

Darasa lote likasimama. Mimi pia nikasimama, kwa heshima ya marehemu.

"Kanku yupi?" nikauliza.

"Wa mashini," akajibu, bado anamtazama Mwalimu. "Maskini. Alikuwa mutu muzuri, ila alipenda kazi kupita kiasi. Ninyi mtamwombea, mimi ninarudi ku…"

Akaniona.

Sitasimulia alivyolia. Askari mmoja anayesoma nasi, mtu wa bunduki, alitafutwa na kukutwa chini ya benchi. Emerance alimwaga maji ya baraka yote juu yangu, na nilipokuwa bado ninachuruzika Kavugho alinisogelea, akanigusa shavu kwa ncha ya kidole.

"Iko moto," akasema. Halafu akaona karatasi mkononi mwangu. Akaangalia benchi, ubao, herufi. Akaelewa. "Dada. Njo hapa unakuja?"

"Usimwambie mtu."

"Nisiseme nini? Mtaa mzima inakulilia. Bwana yako ameitwa avunje mlango."

Nikakimbia. Mwalimu, Kavugho na darasa lote nyuma yangu.

Nilipofika karibu na ua wa mashini nikasikia kilio changu mwenyewe. Si watu wengi wanaojaliwa neema hiyo. Mungu anisamehe, nilisimama nyuma ya ukuta wa matete nisikie kidogo.

"Mikono yake ilikuwa safi!" Halima alikuwa anaimba kwa machozi. "Mpunga yangu haikupungua hata kikombe!"

Huyu ndiye aliyesema mbele ya watu kwamba mashini yangu inakula mpunga kama panya.

"Kikombe ilikuwa inapungua," nikamsikia Sharifa akisema chini chini.

"Nyamaza. Leo haipungui."

Badibanga naye alikuwepo, amelaza kichwa mikononi. "Tulimhurumia sana," alikuwa anasema. "Hatukumsumbua hata siku moja. Jumanne tu."

Nikataka kucheka. Halafu, katikati ya wanawake, nikamwona Tshimanga.

Alikuwa ameketi chini, kwenye matope, na ovaroli yake ya mafuta. Nyuma yake mlango wangu ulikuwa umelala, bawaba zimeng'oka. Alikuwa ameuvunja kwa chuma cha reli, na ndani hakukuta mwili; kwa kuwa mlango ulifungwa kwa ndani wanawake hawakuacha kulia, naye akaketi hapo nje bila kujua afanye nini. Mikononi alishika kandambili zangu. Alikuwa anazifuta matope kwa kidole gumba, moja, halafu nyingine, halafu ile ya kwanza tena.

"Nilimwambia apumzike," alisema, si kwa mtu fulani.

Nikatoka nyuma ya ukuta.

Kilio kilikatika kama mashini iliyokosa mazutu. Wengine walikimbia, Halima alibaki na mdomo wazi, na wimbo umesimama humo humo. Tshimanga aliinua macho. Aliweka kandambili mbele yangu, akizipanga sawa.

"Vaa viatu," akasema. Nilikuwa nimepoteza kimoja cha kanisa njiani.

Nikavaa. Ndipo akauliza, kwa sauti ndogo:

"Ulikuwa wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, watu walimpisha Sitwayeni Kabongo, yaani Raia Kabongo, kama chama kinavyotaka tuitane, mwenyekiti wa selule, tawi la chama mtaani kwetu. Kabongo hasahau jambo, na hapendi watu wakusanyike bila yeye.

"Sitwayeni Kanku," akasema. "Nani aliitisha mkutano huu?"

"Hakuna, mwenyekiti. Nilikufa kidogo."

Wakacheka wawili watatu. Yeye hakucheka. Akaenda kwenye ubao. Akaingiza kidole chini ya katoni yangu, akaibandua, misumari ikalia. Chini yake watu wote wakasoma, waliojua kusoma: MAPUMZIKO.

"Jumanne, mapumziko. Alhamisi, mapumziko. Juu yake umeweka kazi. Na kazini haukuwepo." Alinigeukia. "Selule inatafuta mama wa kuongoza animasio, nyimbo za chama, kila Jumanne na kila Alhamisi, saa kumi. Nimeona sasa kwamba una nafasi. Utaanza Jumanne."

Jioni zangu mbili zilikuwa zinakwenda mbele ya macho yangu, na somo la Pentekoste nyuma yao.

"Siwezi, mwenyekiti."

Neno hilo halisemwi kwa Kabongo.

"Huwezi juu ya nini?"

Nikamtazama Kavugho. Alikuwa anatazama angani, midomo ameibana kwa nguvu zote. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anatunza siri, na ilikuwa inamtesa. Nikamtazama mume wangu. Nikasema moyoni: Bwana, safari hii sitaangalia katoni.

"Ninakwenda shule," nikasema. "Ninajifunza kusoma. Pale parokia, Jumanne na Alhamisi. Niliona haya, njo maana ubao ulisema mapumziko. Halafu mkaja kunitembelea, nikaandika kazi. Niliandika mimi mwenyewe."

Halima akaichukua katoni kwa mwenyekiti, akaipindua, akaitazama herufi moja moja, ingawa hajui hata moja.

"Hii umeandika wewe? Kwa mukono yako?"

"Mimi."

"Na imenidanganya mimi, na Sharifa, na wazee, na bwana yako, na chama!" Akapiga makofi. "Mama, unajua kuandika!"

Hapo ndipo wakacheka, ua mzima, mpaka Badibanga. Tshimanga hakucheka.

"Ju ya nini hukuniambia mimi?" akauliza.

"Nilitaka unione Pentekoste. Nimesimama mbele. Wewe umeketi."

Alitazama chini, akafuta mikono yake kwenye ovaroli, ingawa ovaroli ilikuwa chafu kuliko mikono.

Kabongo akainua kidole. Akasema chama kinapenda watu wasome, hilo ni kweli, hakuna wa kulipinga. Lakini kila mtaa umejaa watu wanaosema wanasoma siku ya kuitwa, na baadaye hawasomi kitu.

"Sema hapa, mbele ya watu," akasema. "Utasoma nini, siku gani. Na ukishindwa, sisi tufanye nini na jioni zako."

"Sisi Waislamu pia tunataka kujua," akasema Sharifa. "Tutakuja kusimama kwenye dirisha ya kanisa. Mpunga yetu imelala ju yako."

Nyuma kabisa nilimwona Mwalimu Kitenge ananipungia mkono: hapana, hapana, subiri. Yeye peke yake alijua kwamba bado sijavuka Pamfilia.

Mlango wangu ulikuwa umelala kwenye matope, katikati yangu na watu. Nikapanda juu yake, na kandambili zangu, ili wa nyuma wanisikie.

"Siku ya Pentekoste," nikasema, "nitasimama mbele ya altare na kusoma somo lote, jina kwa jina, bila mtu kunisaidia. Nikisoma, Jumanne na Alhamisi saa kumi ni zangu, na hakuna ukoo, hakuna mpunga, hakuna wimbo utakaobisha hodi. Lakini nikikwama, hata kwenye jina moja, mlango huu sitausimamisha tena. Utabaki chini kama mnavyouona, na mtaingia jioni yoyote mnayotaka. Mungu ananisikia, na ninyi mmesikia."